Masisi na Walikale: bunduki ya kujilinda inamlinda nani?

Katika vijiji vya Masisi na Walikale, swali la raia kubeba silaha haliishii kwenye mikutano ya Kinshasa. Linaulizwa jioni, pale askari wa serikali wamehama kambi yao ghafla na habari inafika sokoni kwamba watu wenye bunduki wameonekana kwenye kilima cha jirani. Mzazi anabaki na njia tatu: kukimbia na watoto, kubaki na kungoja, au kukubali kijana wake achukue silaha.

Njia hiyo ya tatu imechaguliwa mara nyingi Kivu Kaskazini kwa zaidi ya miaka 30. Novemba 2022, Rais Félix Tshisekedi aliwaita vijana waunde vikundi vya ulinzi wakati M23 ilipokuwa ikisonga mbele. Tangu hapo njia hiyo imepata baraka za serikali, na jina la Wazalendo limeenea kila kona. Lakini historia ya wilaya hizi mbili inatoa onyo lilelile kila mara: silaha iliyochukuliwa kwa ajili ya kulinda kijiji haichelewi kuishi kwa jasho la kijiji hicho.

Hoja ya wanaotaka silaha

Hoja yao ina uzito. Walikale peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, ukubwa unaokaribia ule wa nchi nzima ya Rwanda. Sehemu kubwa ni msitu, na barabara ni chache na mbovu. Hata jeshi lenye nia njema linaweza kufika baada ya maiti kuzikwa.

Tena jeshi lenyewe limeondoka zaidi ya mara moja. Mwaka 2012, M23 ilipozaliwa, vikosi viliacha kambi nyingi ili kupambana nayo Rutshuru, na makundi mengine yakajaza nafasi. Januari 2025, Masisi-centre iliangukia mikononi mwa M23, zikafuata Sake na Goma. Machi mwaka huohuo M23 iliingia Walikale-centre, kabla ya kuondoka mwezi Aprili. Kwa mtu aliyeyaona hayo yote, kuambiwa angojee jeshi ni sawa na kuambiwa angojee mvua wakati wa kiangazi.

Wanaotetea silaha wana sheria pia. Ibara ya 63 ya Katiba inasema kila Mkongomani ana haki na wajibu mtakatifu wa kulinda nchi dhidi ya uvamizi kutoka nje. Mwaka 2023 ilipitishwa sheria inayounda jeshi la akiba la ulinzi, ili raia wanaojitolea wapate nafasi inayotambuliwa.

Kuna pia mfano wa Raia Mutomboki. Walianza Shabunda, Kivu Kusini, mwaka 2005, wakiwa wanakijiji waliochoshwa na mauaji ya FDLR. Katika sehemu kadhaa walifaulu kuwasukuma waasi hao mbali na vijiji, kazi ambayo jeshi na Umoja wa Mataifa walikuwa wameshindwa kuimaliza.

Baada ya adui kuondoka

Tatizo linaanza pale adui wa kwanza anapoondoka na silaha inabaki. Raia Mutomboki walipoenea hadi Walikale na kusini mwa Masisi, vita vyao dhidi ya FDLR viligeuka kuwa mashambulizi dhidi ya familia za Kihutu zisizo na silaha. Nyatura, waliosema wanalinda Wahutu, walilipiza kwa kuua raia wa jamii nyingine. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilihesabu watu wasiopungua 264 waliouawa Masisi kati ya Aprili na Septemba 2012, wakiwemo watoto 83. Pande zote mbili zilijiita walinzi.

Haikuwa mara ya kwanza. Machi 1993, mauaji yaliyoanzia kwenye soko la Ntoto, Walikale, yalifungua vita vya kikabila vilivyowaka hadi Masisi na kuua maelfu ya watu. Silaha nyingi wakati huo zilikuwa mapanga na mikuki. Kila jamii ilijipanga kwa kuogopa nyingine, na kila maandalizi ya kujihami yalionekana upande wa pili kama maandalizi ya kushambulia. Baadaye CNDP ya Laurent Nkunda, iliyokuwa na ngome Masisi, ilijieleza kwa neno hilohilo la kulinda jamii, safari hii Watutsi. M23 ilitoka kwenye tumbo la CNDP.

Mfano mchungu zaidi ni wa Ntabo Ntaberi Sheka, mwenyeji wa Walikale. Kundi lake la NDC lilisema limekuja kutetea wenyeji, na FDLR ilikuwa miongoni mwa maadui liliowataja. Lakini kati ya Julai 30 na Agosti 2, 2010, wapiganaji wake walishirikiana na FDLR haohao katika mashambulizi kwenye vijiji 13 vya barabara ya Kibua hadi Mpofi. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu 387 waliobakwa, wanawake, wanaume na watoto. Novemba 2020, mahakama ya kijeshi mjini Goma ilimhukumu Sheka kifungo cha maisha. Wakati huo kundi lililojitenga na lake, NDC-R la Guidon Shimiray, lilikuwa tayari limekuwa na nguvu kuliko la kwanza.

Gharama ya mlinzi

Mpiganaji anakula, risasi zinanunuliwa, na mkuu wa kundi anataka pikipiki. Asipolipwa na serikali, analipwa na mkulima. Masisi wanajua vizuri kodi inayoitwa lala salama: familia inatoa pesa au chakula ili isivamiwe usiku, na anayepokea ndiye mwenye uwezo wa kuivamia. Kuna barieri barabarani, kuna jetoni ya kuonyesha kwamba mtu amekwisha kulipa, kuna salongo ya kubeba mizigo ya wapiganaji. Mama anayepeleka maharagi sokoni anaweza kulipa zaidi ya mara moja kabla ya kuuza kilo moja.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana mapema. Sheria ya vita inamlinda raia mradi tu hashiriki mapigano. Kijana anayeshika bunduki na kuingia vitani anapoteza kinga hiyo kwa muda wote anaopigana. Mbaya zaidi, adui huanza kuwatazama ndugu zake na majirani zake wote kana kwamba ni wapiganaji, ingawa sheria inakataza. Ndiyo sababu kijiji kinachosemwa kuwa cha Wazalendo, au cha M23, kinachomwa hata kama wengi wa wakaaji wake hawajawahi kugusa silaha.

Katiba yenyewe ina upande wa pili. Ibara ya 190 inakataza mtu yeyote kuunda wanamgambo au kuweka vijana wenye silaha, na inaliita kosa hilo uhaini mkubwa. Mei 2022 makundi kadhaa yalikutana Pinga, Walikale, yakakubaliana kuacha kupigana yenyewe kwa yenyewe ili kuikabili M23. Serikali iliyopaswa kuyavunja ilianza kuyahitaji.

Funzo kutoka Teso

Je, raia wenye silaha hawawezi kamwe kufaa? Nchini Uganda, mwaka 2003, waasi wa LRA walipoingia Teso, wenyeji waliunda kikosi cha Arrow Boys. Kilisaidia kuwafukuza LRA. Lakini kikosi hicho kilipewa bunduki na serikali, kilifanya kazi pamoja na jeshi, na hatari ilipopita kilivunjwa. Hata hivyo wengi wao walilalamika kwa miaka mingi kwamba hawakulipwa walichoahidiwa.

Kwa Masisi na Walikale, tofauti iko hapo. Sheria ya jeshi la akiba ipo kwenye karatasi, lakini vijijini watu wanahitaji majibu manne: nani ameandika namba ya kila bunduki, nani anamlipa anayeibeba, mahakama gani inamhukumu akiiba mbuzi au akibaka, na siku gani atairudisha. Kundi lisiloweza kujibu hayo litajilipa lenyewe barabarani, hata kama leo linapigana na adui wa kweli.

Yapo mambo madogo yaliyojaribiwa bila bunduki. Baada ya mashambulizi ya 2010, MONUSCO ilianzisha mitandao ya tahadhari, ambapo watu waliochaguliwa kijijini wanapewa simu ili kuita msaada mapema. Simu hiyo imeokoa muda wa kukimbia. Haikuokoa kijiji pale ambapo aliyepigiwa hakutuma mtu. Na kila mara simu inapolia bila jibu, mzee aliyekuwa akimkataza mjukuu wake kwenda msituni anakosa la kumwambia.