Jeni Nzima, Lakini Kimya

Makala nyingi zinazotufikia kuhusu jeni huuliza swali moja tu: inatengeneza nini? Toleo hili linauliza jingine: nani anaipa ruhusa ya kuanza, na katika seli ipi?

Ruhusa hiyo hutoka kwenye promota, kipande cha DNA kinachoitangulia jeni. Chenyewe hakitengenezi protini yoyote. Protini maalumu hushika herufi zake na kuileta RNA polimerasi, kimeng'enya kinachonakili jeni. Zisiposhika, kazi haianzi.

Mfano mzuri tunao katika damu ya wengi wetu. Jeni ya Duffy huweka protini juu ya seli nyekundu, na kimelea cha malaria *Plasmodium vivax* huitumia kama mlango. Mwaka 1976 Louis Miller na wenzake, nchini Marekani, walionyesha kuwa wasio na protini hiyo hukingwa dhidi ya vivax (kinga isiyo kamili, kama ilivyobainika baadaye Madagaska). Kisa chenyewe kilifumbuliwa mwaka 1995 na watafiti wa Ufaransa: ndani ya promota, herufi T imegeuka C, hapo hapo panaposhikwa na protini iitwayo GATA-1. Protini hiyo ndiyo inayotegemewa na seli zinazozaa seli nyekundu, kwa hiyo jeni hunyamaza humo tu. Kwenye kuta za mishipa ya damu inaendelea na kazi yake. Isome jeni yenyewe mwanzo hadi mwisho, kasoro huioni.

Linalotukera liko hospitalini. Wenye badiliko hili, na Afrika kusini mwa Sahara ni wengi mno, kwa kawaida huwa na neutrofili, yaani seli nyeupe zinazopambana na vijidudu, chache kwenye damu bila kuugua zaidi ya wengine. Viwango vinavyochapwa kwenye karatasi za majibu, hata hivyo, vingi vilitokana na watu wenye asili ya Ulaya. Basi mtu mzima wa afya anaandikiwa "chini", na mgonjwa wa saratani anaweza kucheleweshewa dozi. Vipimo vinavyosoma sehemu za jeni zinazounda protini pekee havimtetei, maana promota haimo. Tunataka maabara zetu zitumie viwango vilivyopimwa kwa watu wetu, na herufi hiyo moja ichunguzwe kabla daktari hajasimamisha dawa.