Mashini ya pumzi: kabla mtoto hajainunua huko Ulaya

Jumapili, kiisha mkutano, mama mmoja wa kikundi chetu alibaki nyuma na simu mkononi. Mtoto wake anayeishi Bruxelles alimtumia picha za mashini tatu na kuuliza: "Mama, ninunue ipi kwa ajili ya baba?" Na hapa nyumbani mchuuzi mmoja alikuwa amekwisha kumwahidi mashini ya oksijeni. Mbuzi wanne walikuwa tayari kuuzwa. Tuliketi naye mpaka jioni.

Baba huyo anakoroma hata majirani wanasikia. Kwetu mtu akikoroma tunasema amelala vizuri. Lakini mama huyu amekesha akisikiliza: mkoromo unakatika, kifua kinahangaika, pumzi haipiti, kiisha baba anashtuka kama mtu aliyetolewa majini na kulala tena. Mchana anasinzia hata juu ya pikipiki. Mwezi uliopita, kwenye njia ya Wamaza, aliingia majanini na mzigo wote. Ni hilo lililomtisha mama, si kelele.

Waganga wanaita ugonjwa huu apne ya usingizi. Koo linalegea, ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inafungwa kwa sekunde 10 au zaidi. Ikitokea mara 5 au zaidi kwa saa moja, ni ya kuchunguzwa. Kuanzia 30 ni kali sana. Moyo unachoka, tansio inapanda. Wanaume wanene wa shingo wanaipata zaidi, lakini hata sisi wanawake tunaipata, hasa hedhi ikiisha kukoma, au tukiwa na mimba na uzito umezidi.

Mashini yake ilibuniwa na munganga Colin Sullivan huko Australia, naye akaitangaza mwaka 1981. Kazi yake ni ndogo: inasukuma hewa hii hii ya kawaida kupitia kinyago, ili koo lisifungwe. Mashini ya oksijeni ni kitu kingine. Inaongeza oksijeni, lakini haifungui koo, na inakula umeme wa wati 300 hivi. Mbuzi wakarudi malishoni.

Katika picha tatu, ya kwanza inasukuma kwa nguvu moja tu, ile munganga aliyoipanga. Ya pili inajipimia yenyewe, mara nyingi kati ya 4 na 20 ya kipimo chake. Ya tatu ina nguvu mbili, ya kuvuta pumzi na ya kuitoa. Ni ghali, nayo ni ya wagonjwa ambao munganga ameona wanaihitaji. Kwa mtu anayeishi mbali na wapimaji, tuliona ya pili inafaa zaidi, munganga akikubali.

Sasa umeme, ambao watoto wa Ulaya wanausahau. Tulifanya hesabu kama darasani. Bila chombo cha kupasha maji moto, tuseme wati 40, kwa saa 8: ni 320. Gawanya kwa volti 12, unapata karibu 27 za batiri. Batiri ya kawaida haifai kumalizwa kupita nusu, basi tunataka 54 kwa usiku mmoja. Ile ya 100 inatupa usiku mmoja na akiba kidogo ya siku ya mvua. Mtoto atume pia kamba ya kuunga mashini kwenye batiri moja kwa moja, kwa maana kifaa cha kugeuza umeme kinapoteza mwingi. Chombo cha maji kibaki huko.

Na asinunue iliyotumika bila kuuliza namba yake. Juni 2021 kampuni ya Philips ilirudisha mamilioni ya mashini zake, kwa sababu sponji ya ndani ilikuwa inavunjika na mgonjwa aliweza kuvuta vipande vyake. Nyingine bado zinaweza kuuzwa kwa bei rahisi, na bei rahisi ndiyo inayosafiri kuja kwetu.

Kinyago kipimwe kwa uso wa baba: picha moja ya mbele, nyingine ya upande, na rula kando ya pua. Kikivuja, mashini yote ni bure. Vichujio atume vingi. Vumbi letu anajua.

Kabla ya yote, kipimo. Kuna kifaa kidogo cha kuvaa usiku mmoja nyumbani. Mtoto anauliza kwa munganga wa huko kama kinaweza kuja na msafiri. Hapa munganga wetu apime tansio wiki hii. Wakati wa kungojea, baba alale ubavu, aache lotoko na vidonge vya usingizi, na pikipiki aendeshe mdogo wake.

Jana jioni mama alituonyesha jibu kutoka Bruxelles: "Nimeelewa. Lakini baba atakubali kuvaa?" Hilo bado hatujamwuliza mzee.