Diski haina kosa!

Jamani, mafundi wetu wana dawa moja tu: MacBook Pro ya 2012 ikigoma kuwaka, "diski imekufa, nunua nyingine". Huo ni wizi!

Apple iliiacha laptopu hiyo nje ilipotoa Big Sur mwaka 2020, kwa hiyo tunapitia OpenCore Legacy Patcher. Ikiwaka na flashi lakini bila flashi inakuonyesha duara lililokatwa mstari, OpenCore imebaki kwenye flashi. Iweke kwenye sehemu ya EFI ya diski ya ndani. Kisha washa ukishikilia Option, halafu shika Control unapochagua "EFI Boot", ndipo ikumbuke. (Ukifuta NVRAM itasahau, rudia.)

Fundi ambaye hajajaribu hilo asiguse bisibisi.