Mirungi: Zao Maua, Jinai Same

Mirungi ya Maua, kwenye vilima vya Nyambene huko Meru, hufungwa vibunda, huviringishwa majani ya mgomba isinyauke, kisha hupakiwa kwenye pikapu zinazokimbizwa hadi uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Haraka hiyo ina sababu. Kathinoni, kemikali inayomchangamsha mlaji na kumwondolea usingizi, huanza kupungua mara tu kijiti kinapokatwa. Zikipita siku mbili hivi, nguvu yake nyingi imeshapotea.

Watu hupenda kusema vijana wa mji fulani ni wavivu, au kabila fulani ndilo lililozoea kutafuna. Hiyo ni dhuluma. Mirungi huwafuata watu kwa barabara, ubichi na bei. Somalia ilipozuia ndege za mirungi mwaka 2020, wakulima wa Meru walilia hadi 2022 ziliporuhusiwa tena. Uingereza nayo ilifunga mlango Juni 2014.

Mombasa tatizo ni muguka, aina ya mirungi inayotoka Embu. Mla miraa, kama Wakenya wanavyoiita mirungi ya Meru, huchubua gome kwa meno, kijiti kimoja baada ya kingine. Muguka ni majani laini, unatia kinywani na kutafuna, tena kwa bei nafuu. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka kuingia kaunti yake, Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Rais William Ruto akasema marufuku hiyo haina nguvu, kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na sheria ya taifa. Kweli, mkulima wa Embu anasomesha watoto kwa jani hilo. Lakini mzazi wa Likoni, Mombasa, naye ana mtoto anayelitafuna, na kilio chake kilistahili jibu zito kuliko kifungu cha sheria.

Ukivuka mpaka wa Horohoro kuingia Tanzania, jani hilohilo ni dawa ya kulevya, kwa sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2015. Wala halifiki huko kwa magendo peke yake. Linalimwa milima ya Upare, wilayani Same, ambako Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imefyeka mashamba zaidi ya mara moja. Sheria lazima itekelezwe. Ila mrungi uliokatwa huchipua tena shinani, na mnunuzi wa vibunda hulipa fedha taslimu.

Same hiyohiyo inalima tangawizi nzuri. Tatizo ni kwamba tangawizi hukaa ardhini miezi minane hadi kumi kabla ya kuchimbwa, wakati mirungi huchumwa mara kadhaa kwa mwaka. Serikali inayotuma panga mlimani inapaswa kutuma pia mbegu, mkopo wa kuivusha familia miezi hiyo, na barabara inayopitika masika, ili lori la tangawizi lifike sokoni kabla mnunuzi wa mirungi hajabisha hodi.