Hewa unayovuta si ile ya juu ya paa

Ndugu yangu mdogo ni makanga. Mwezi uliopita alikohoa hadi tukaenda kliniki, na daktari akamuuliza mara tatu ikiwa anavuta sigara. Mara tatu akajibu hapana. Hajawahi kuvuta hata moja. Ila huning'inia mlangoni mwa matatu kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu usiku, na hilo hakuna aliyemuuliza.

Wewe nawe ukifika keja jioni, ukajipangusa uso kwa kitambaa cheupe, unajua kinatoka na rangi gani. Huo weusi una nafuu, maana umenaswa nje. Shida ni ile chembe usiyoiona. Wataalamu huziita PM2.5, yaani chembechembe zenye upana usiozidi mikroni 2.5. Unywele wako mmoja ni mnene zaidi ya mara 20. Kitu kidogo hivyo hakizuiwi na pua wala koo. Hufika mwisho wa mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Ndiyo maana zinahusishwa na kiharusi na maradhi ya moyo, si kikohozi tu. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba wastani wa mwaka mzima usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na wa siku moja usizidi 15.

Sasa sikia hii. Mnamo Julai 2009, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Columbia cha Marekani walipima hewa kando ya barabara za jiji hili mchana. Kwenye makutano fulani yenye shughuli nyingi walipata takriban mikrogramu 129. Walipofuata upepo mita 100 tu kutoka hapo, zikashuka hadi karibu 19. Katikati ya jiji, barabarani palikuwa na karibu 120, lakini juu ya paa la ghorofa ya tatu zilikuwa 43. Ni vipimo vya zamani, nakubali. Magari yameongezeka tangu hapo, na dizeli nayo ilisafishwa kidogo salfa ilipopunguzwa mwaka wa 2015. Lakini somo halijazeeka: mita 100 tu, ambazo unazitembea kwa dakika moja na nusu, zinaweza kutenganisha hewa mbili tofauti kabisa.

Kwa hivyo mtu akikwambia "hewa ya Nairobi leo ni kiasi hiki", muulize: ya nani? Ya wakili aliye ghorofa ya kumi Upper Hill, madirisha yamefungwa? Au ya mama anayechoma mahindi pale steji, makaa yako chini ya kidevu chake na bomba la moshi la basi liko mgongoni? Huyo anakula kotekote. Mwendeshaji boda aliyekwama nyuma ya lori kwenye mlima naye ana yake. Hata wewe abiria, ukikaa kwenye jamu ya Jogoo Road dirisha likiwa wazi, unakula moshi wa gari la mbele yako.

Halafu unafika nyumbani ukidhani umepumzika. Bedsita ni chumba kimoja. Unakolala ndiko unakopikia, na Julai kwa ile baridi hakuna anayeacha mlango wazi. Washa jiko la makaa au stovu ya mafuta taa humo, na kwa muda wa kuivisha sufuria ya githeri unaweza kuvuta zaidi ya ulichovuta njiani. (Na makaa yana hatari nyingine: ile gesi isiyo na harufu ambayo huua watu usingizini. Usilale nalo ndani, tafadhali.) Nje nako, saa moja usiku, mtu ameamua kuchoma taka kwa sababu lori la taka halijaonekana wiki ya pili, ingawa ada ya taka tulilipa pamoja na kodi. Plastiki, nepi, kila kitu.

Najua utakachoambiwa: nunua gesi, vaa barakoa. Sawa, mwenye uwezo na afanye. Lakini mtungi una bei, na bei hiyo hupangwa na watu. Julai 2021 gesi ya kupikia ilirudishiwa VAT ya asilimia 16. Mwaka uliofuata ikashushwa hadi 8, na mwaka wa 2023 ikaondolewa. Hakuna mbunge aliyesema anapiga kura kuhusu mapafu yako, ila ndicho alichokuwa akifanya. Mama wa mtaani mwetu hakuhitaji semina kujua kwamba gesi ikipanda, makaa yanarudi.

Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi, na kanuni za ubora wa hewa tunazo tangu 2014. Mimi ningeanza na mambo ya chini kabisa. Vipimo viwekwe steji na sokoni, kimo cha pua ya mtu, na si juu ya paa la ofisi. Lori la taka lije siku lililoahidiwa. Na matatu inayosubiri kujaa izime injini. Pale steji zinapanga foleni kumi, zote zinanguruma, dereva akikanyagia mafuta bila kwenda popote, na makanga wote wamesimama nyuma ya mabomba hayo wakiita abiria.

Hilo la mwisho nilimwambia ndugu yangu. Akacheka, kisha akakohoa. Akaniambia wakizima injini abiria hudhani gari haliondoki leo, wanahamia lile la jirani linalonguruma, na hesabu ya bosi haingoji.

Basi kesho ukifika steji ukute moja imezimwa, ingia hiyo.