Sinema ya Mbwa Muuaji Isibezwe

Ipo kasumba miongoni mwa baadhi ya wasomi kwamba sinema ya kutisha, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo, ni upuuzi wa kupumbaza vijana. Kasumba hiyo haina budi kupigwa vita, na sinema ya Cujo, iliyotolewa Marekani mwaka 1983 chini ya mwongozaji Lewis Teague, ni ushahidi wa kutosha.

Ndani yake hamna mzimu wala jini. Yumo mbwa mpole wa fundi magari, aliyeumwa na popo akapata kichaa. Wamo mama na mwanawe, wamenaswa katika gari bovu, jua likiwachoma na mbwa akiwavizia nje. Mbwa walioigiza waliufurahia mchezo hata mikia yao ikabidi ifungwe isitikisike. Hata hivyo mtazamaji hutetemeka, kwa sababu hofu anayoonyeshwa ni ya kweli.

Wengine watadai kwamba hayo ni mambo ya kigeni. Kichaa cha mbwa hakina uraia! Huko Kipatimu, katika vilima vya Matumbi, mkulima hufuga mbwa wa kumsaidia kulinda shamba dhidi ya nguruwe na nyani, na mbwa huyo huyo hucheza na watoto uani. Dalili za ugonjwa zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Nchini Tanzania vifo hivyo vimekadiriwa kufikia 1,500 kwa mwaka, na wanaoumwa zaidi ni watoto.

Lakini kinga ipo tangu enzi za Louis Pasteur, mwaka 1885. Jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15, na aliyeumwa awahi chanjo bila kuchelewa. Asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, maambukizi hukatika. Katika riwaya ya Stephen King iliyozaa sinema hiyo, Cujo hakuwahi kuchanjwa. Basi muuaji si mbwa. Muuaji ni uzembe wa binadamu.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio kuwafundisha wananchi kujikinga na maradhi. Mwalimu na bwana mifugo wa leo wanashindwaje kuwaonyesha wazazi sinema hii, kisha wakawahimiza kupeleka mbwa wao kwenye chanjo? Anayeicheka na aende kwanza akawahesabu mbwa wasiochanjwa katika kata yake.