Pikapu Ikilia, Usikimbilie Shoki

Ikiwa nyumbani kwenu kuna pikapu kuukuu, bila shaka ni mtumishi wa kila mtu. Asubuhi hupeleka watoto shuleni, mchana hubeba saruji, Jumamosi husafirisha jamaa kwenda matangani, na wakati wa mavuno hutoa viazi Kinangop hadi Marikiti. Huvumilia mengi. Lakini siku ikichoka, sauti hutoka chini: kwi-kwi ikipanda tuta, ko-ko ikitumbukia shimoni, na usukani huanza kuvuta upande mmoja.

Hapo ndipo wengi wetu hupotea njia. Baba mwenye gari humwambia fundi, "Badilisha shoki, basi." Shoki mpya zinafungwa, safari inakuwa laini kidogo, na nyumba nzima inafurahi. Kumbe kile kilichokuwa kikilia bado kiko palepale, kikiendelea kulika polepole.

Ili usidanganyike, fahamu kwamba chini ya gari kuna makundi matatu ya vyombo, na kila kundi lina kazi yake.

Kundi la kwanza ni vinavyolishika gurudumu lisiende lipendako. Hapa pana boljointi, viungo vya usukani ambavyo mafundi huviita tairodi endi, na bushi, yaani zile raba zinazokaa ndani ya vyuma visisagane. Boljointi ni kirungu cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe, mfano wa mfupa wa paja unavyozunguka nyongani. Ikichomoka barabarani, gurudumu hukunjika na usukani hauna la kufanya tena.

Kundi la pili ni vinavyobeba mzigo, nazo ni springi. Nyuma ya pikapu nyingi utaona vyuma bapa vilivyolaliana, vimefungwa kwenye ekseli kwa bolti zenye umbo la U.

Kundi la tatu ni shoki. Wewe mwanafunzi wa fizikia unaikumbuka kanuni ya Robert Hooke, iliyochapishwa mwaka wa 1678: springi hunyooka kulingana na nguvu inayoivuta. Lakini springi ikishabonyezwa na kuachiliwa, hurukaruka. Shoki huzima huko kuruka kwa kulazimisha oili ipite katika vitundu vidogo. Haibebi mzigo. Ndiyo maana kumfungia shoki mpya mwenye springi iliyolala ni sawa na kumpa shati jipya mtu aliyevunjika mguu.

Basi pesa zikiwa chache, fuata mpango huo huo: kwanza kinachoshika gurudumu, pili kinachobeba mzigo, tatu kinachotuliza. Hata hivyo, shoki inayovuja oili usiiache miezi na miezi, maana gurudumu linalorukaruka haliigusi barabara vizuri, na breki hukosa pa kushika.

Utajuaje kilichoisha? Inua upande mmoja wa mbele. Shika gurudumu juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, aghalabu ni beringi. Ukibaki, itazame boljointi. Kisha lishike kushoto na kulia: mchezo wa hapo mara nyingi hutoka kwenye tairodi endi. Tazama tairi pia. Iliyolika ukingo mmoja inakuambia kwamba gurudumu halijasimama sawa. Iliyolika mabakamabaka huenda inailalamikia shoki.

Nyuma, chunguza kama kuna chuma kilichopasuka, na kama ile bolti ya katikati iliyounganisha vyuma vya springi ingali nzima. Ikikatika, ekseli huweza kusogea, na pikapu ikaenda upande kama kaa wa pwani.

Jambo moja naomba tuelewane. Kuna desturi ya kuongeza vyuma kwenye springi ili gari libebe zaidi. Sawa, halitainama. Lakini breki ni zile zile, tairi ni zile zile, ekseli ni ile ile. Umeondoa dalili ya kuzidiwa tu. Kuzidiwa kwenyewe kumebaki. Na watoto waliokaa juu ya magunia hawajui hesabu hiyo.

Siku ya matengenezo, iwe unafanya mwenyewe au umesimama na fundi wako, shika haya. Gari lisikae juu ya jeki peke yake mtu akiingia chini. Weka vigingi imara vya chuma, zuia magurudumu yaliyobaki ardhini, na usitegemee mawe ya kujengea, kwani hupasuka bila kuaga. Kwa magari kama Peugeot 504, ambayo mbele yana springi za kuzunguka, springi isifunguliwe bila kibanio chake maalumu. Ikifyatuka, yaweza kuua.

Springi na shoki zibadilishwe kwa jozi, kushoto na kulia, la sivyo gari litaegemea upande au litayumba breki zikishikwa. Bolti za U zilizofunguliwa usizirudishe. Nunua mpya, zikazwe kwa zamu ili zishike sawasawa, na zikazwe tena baada ya safari za kwanza. Ukibadilisha bushi za raba, bolti zake zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likining'inia, raba hubaki imejisokota na kuchanika mapema, nawe utasema umeuziwa bandia.

Bandia zipo, lakini. Ukienda Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wengi bado huiita Grogan, chukua kipuri cha zamani mkononi ulinganishe. Usione haya kumwomba fundi akurudishie vile alivyotoa. Humo utasoma afya ya gari lako. Kazi ikiisha, magurudumu yapimwe yalandane, ama tairi mpya zitakwisha kabla ya karo ya muhula ujao.

Mama mwenye nyumba, nawe una sauti hapa. Baba akisema pikapu "bado inasukuma", muulize swali moja tu: ni lini mtu alilitikisa gurudumu la mbele? Kama hakuna anayekumbuka, ya matangani Jumamosi ijayo ingojee kwanza jeki ya Ijumaa.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutazungumza kuhusu radieta inayochemka mlimani.